Zamu ya Kuwa Mrembo

Kila mwaka waandaaji wanapokumbuka kwamba kuna shindano la urembo, hunijia dukani kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hukalia kile kiti changu cha wateja, husifu madera niliyotundika, hunywa chai yangu, halafu husema hakuna mtu mwingine Garissa nzima anayeweza kuwafundisha wasichana kutembea. Najua wanachotaka. Wanataka madera ya kuazima na mtu wa kufanya kazi bila kulalamika. Madera nawapa. Kutolalamika siwezi, kwa sababu nimechoka, magoti yananiuma, na nimeapa mara nyingi kwamba huu ndio mwaka wangu wa mwisho.

Mimi mwenyewe niliwahi kuvishwa taji la shindano hilo. Sokoni wananiita mrembo mstaafu, na wale wenye ulimi mrefu huongeza kwamba pensheni yangu ni kitambi. Nacheka nao. Ukiuza nguo huwezi kununiana na kila mtu.

Shindano lenyewe usilifikirie kama yale ya kwenye televisheni. Hapa hakuna anayeonyesha goti. Hapo mwanzo masheikh walilipinga, wakaambiwa ni shindano la utamaduni. Wakauliza, kama ni utamaduni, mbona wanaume hawashindani. Mwishowe wakakubaliana kwamba nywele zisionekane, mikono ifunikwe hadi kwenye vifundo, na wanaume wakae upande wao wa ukumbi. Msichana huingia na dera na mtandio, hutembea, hufukiza chombo cha maziwa kwa kaa la moto kama nyanya zetu walivyofanya, humimina chai kwa mgeni, hujibu swali la waamuzi. Halafu hutoa buraanbur, yaani yale mashairi yetu ya wanawake yanayokwenda na makofi na kukanyaga chini. Kwenye buraanbur ndipo kina mama huamka. Yaliyotangulia ni ya kupitisha muda tu.

Mshindi wa kwanza kabisa alitoka Wajir. Wakati huo nilikuwa bado shuleni, nikasimama nyuma kabisa ya ukumbi na sikuona zaidi ya migongo ya watu. Jina lilipotangazwa, upande mmoja ulipiga vigelegele na upande mwingine ukasimama. Kisha viti vikaanza kuruka. Huyu alisema waamuzi wamekula mlungula, yule alisema ukoo wake umetukanwa hadharani, mwingine alisema binti yao ni mrefu zaidi na kila mwenye macho ameona. Mrembo wetu wa kwanza aliondolewa kwa mlango wa nyuma, ndani ya gari la polisi, taji na viatu vyake vikiwa kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Sasa anauza maziwa ya ngamia karibu na stendi. Niliwahi kumuuliza kama anaukumbuka ushindi wake, akasema anachokumbuka ni joto la lile gari.

Baada ya hapo wazee walikaa. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, nieleze. Uchaguzi ukikaribia, wazee wa koo mbalimbali hukutana na kugawana viti kabla hata kura hazijapigwa. Ninyi chukueni hiki, sisi tuachieni kile, safari ijayo tubadilishane. Watu wa bara hushangaa wakisikia. Sisi tumeshaona watu wakizikwa kwa sababu ya kiti cha udiwani, kwa hiyo hatushangai. Basi wazee wakalifanyia shindano la urembo vilevile. Mwaka huu taji liende kwa hawa, mwaka ujao kwa wale. Waamuzi wangeambiwa mapema, kwa adabu, wakiwa wanakunywa chai. Wasichana wenyewe wasingeambiwa, kwa sababu msichana akijua, hatatembea vizuri.

Kwa hiyo ukiipanga historia ya warembo wetu, unaona zamu ikizunguka. Wajir, Garissa, Mandera, tena Garissa lakini upande ule mwingine wa mto. Yule wa Mandera aliolewa na mfanyabiashara wa Eastleigh, na nasikia ana watoto wengi na hasira nyingi. Aliyemfuata ni naibu wa chifu, anavaa sare vizuri kuliko alivyovaa dera. Mmoja yuko Amerika na hutuma picha za theluji. Mwaka mmoja taji lilikwenda kwa msichana wa Tarbaj ambaye kwao wanazungumza Kiborana. Wazee walisema ni vizuri na wachache wakumbukwe, wakakumbukwa, na hawajakumbukwa tena. Halafu kuna wale wasio na zamu kabisa. Msichana mmoja wa Hagadera, kutoka kambi ya wakimbizi, aliingia ukumbini watu wakanyamaza kwa uzuri wake. Wakampa zawadi ya nidhamu. Wasio na zamu hupewa ya nidhamu. Alipoipokea alicheka peke yake pale jukwaani, nikajua huyu ameelewa mambo mapema kuliko mimi.

Maana mimi niliamini. Siku nilipovishwa taji kichwa kilinivimba hadi mtandio ukawa haunitoshi. Mama alichinja mbuzi. Nilipita sokoni shingo juu, nikiitwa huku na huku, na nilipoulizwa siri ya kushinda nilikuwa na jibu refu kuhusu kujiamini na kunywa maji mengi. Niliwashauri wasichana wengine. Nikifikiria ushauri ule hadi leo nataka ardhi inimeze.

Nilikuja kujua kwenye harusi moja, miaka mitatu baadaye, nikiwa nimeshaolewa. Niliambiwa niwapelekee wazee chai. Nilipofika kwenye pazia nikamsikia amu yangu, ambaye kwa Kisomali tunamwita adeer, akibishana na mzee wa upande mwingine. "Mwaka ule tuliwaachia uenyekiti wa kamati ya kisima," alisema, "ninyi mkatuachia binti. Sasa mnadai nini tena?"

Binti ni mimi. Nilikuwa nimebadilishwa kwa kisima. Hata si kisima chenyewe, kamati yake. Niliweka chupa ya chai chini pale pale penye pazia, nikaenda kukaa na watoto.

Iliniuma na bado inaniuma. Wazee siwezi kuwachukia, kwa sababu tangu waanze zamu zao hakuna kiti kilichoruka, na mwenyewe ningechagua zamu kuliko msiba. Linalonikera ni dogo zaidi na halina wa kulalamikiwa. Inawezekana siku ile nilikuwa bora kweli. Inawezekana nilikuwa wa mwisho. Sitajua, kwa sababu waliokaa mbele kuniangalia walikuwa wameshamaliza kuangalia kabla sijaingia.

Mwaka huu binti wa kaka yangu akaniambia anataka kushindana. Anakaa kwangu, anasomea uuguzi hapa mjini. Kaka yuko Balambala na mbuzi wake na shamba lake la kando ya mto. Msichana ni mrefu, ana meno mazuri, na ana mdomo ambao sijui kaurithi kwa nani. Aliniambia tukiwa tunakunja nguo, bila hata kuinua macho. "Eeddo, niandikishe na mimi." Eeddo ni shangazi. Nilimwambia nitafikiria, na kesho yake asubuhi nikafunga duka nikamtafuta adeer.

Nilimkuta kwenye hoteli anayokunywa chai siku zote, amezeeka, fimbo iko kati ya magoti.

"Adeer, mwaka huu ni zamu ya nani?"

"Zamu ya nini? Ya maji au ya barabara?"

"Ya mrembo."

"Aa." Alipuliza chai. "Ya kwetu."

Nilifurahi na nikaumia papo hapo. Nilifurahi kwa sababu hatashindwa. Niliumia kwa sababu ile ile. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba msichana asijue. Atembee, ashindane, ashinde, na aondoke pale akiamini ameshinda.

"Kwani akijua atapungukiwa nini?" aliuliza. "Taji ni lile lile."

"Adeer, nakuomba."

Aliniangalia kama anayemwangalia mtu aliyepigwa na jua. "Haya. Mimi mdomo wangu umefungwa."

Basi nikawa na kazi mpya, ya kumfanya mtoto aamini anashindana. Kila siku baada ya alasiri tulikuwa nyuma ya duka, yeye akitembea na mimi nikikaripia. Sijawahi kumkaripia msichana hivyo. Nyanyua kidevu. Usikimbie, hufukuzwi na fisi. Chombo cha maziwa usikishike kama faili la ofisini. Akiona nimeridhika, nilikuwa namtisha. Mwaka huu kuna msichana wa Tarbaj, nilimwambia, ana sauti ya kumwamsha maiti. Huyo msichana nilikuwa nimemwona mara moja tu kwenye video ya simu, lakini nilimtia chumvi hadi mwenyewe nikaanza kumwogopa. Na kila jioni tukimaliza, binti yetu alikuwa ananiuliza swali lile lile.

"Eeddo, unadhani nitashinda?"

"Sijui," nilikuwa nikisema. "Ukijitahidi."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nalisubiri swali lile. Mchana nikiwa dukani, napima kitambaa, nilikuwa nalifikiria na kujikuta natabasamu. Uchovu wa miaka ulinitoka kidogo. Nilijiambia kwamba angalau mmoja wetu atapita pale na kutoka na kitu chake mwenyewe.

Buraanbur alitunga mwenyewe. Nilimshauri aimbe kuhusu ngamia, kwa sababu ngamia hawajawahi kumwangusha mtu ukumbini. Alikataa. Aliimba kuhusu wanawake anaowapokea wodini akiwa kazini kwa mafunzo, wale wanaoletwa kujifungua kwa mkokoteni wa punda kutoka mbali, mume akitembea mbele na mama mkwe akishikilia nyuma. Aliweka na punda mwenyewe akilalamika. Mara ya kwanza nilipoisikia nilicheka, halafu nikageuka nikajifanya natafuta pini.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Maofisa wa bara walikaa mbele na chupa zao za maji, na adeer akapewa kipaza sauti awakaribishe kwa Kiswahili chake cha lafudhi ya Kisomali.

"Sisi leo tunafurahi," alisema. "Hii kitu ya urembo ilikuwa inaleta fita zamani. Sasa hakuna fita. Watoto yote ni yetu. Mwenye atabata, abate. Mwenye hatabata, inshallah mwaka ingine."

Maofisa walipiga makofi. Mimi nilitazama chini.

Binti yetu aliingia wa tano. Alitembea vizuri. Kwenye kufukiza chombo alizidisha kaa, moshi ukamfikia sheikh wa mstari wa mbele na sheikh akakohoa mpaka akaletewa maji, watu wakacheka. Hakutetereka. Alimmiminia mgeni chai, akajibu swali la waamuzi kuhusu elimu ya mtoto wa kike, swali ambalo huulizwa kila mwaka na hujibiwa hivyo hivyo kila mwaka. Kisha akashusha pumzi, akaanza buraanbur.

Nimehudhuria mashindano haya yote. Sijaona kitu kama kile. Kina mama walianza kwa makofi ya adabu. Alipofika kwa punda walikuwa wanacheka, na alipofika kwa yule mama aliyejifungua njiani, kabla ya daraja, hakuna aliyecheka. Wakasimama. Ajuza mmoja alipanda jukwaani kwa taabu, akavua mtandio wake wa juu akamfunika nao mabegani, kama wanavyofanya mtu akisema neno lililowagusa. Akafuata mwingine, na mwingine tena, hadi msichana akabaki kichwa tu kinaonekana juu ya nguo za watu. Yule wa Tarbaj aliyekuja baadaye alikuwa na sauti nzuri kweli, sikumsingizia, lakini ukumbi ulikuwa umeshakwisha nguvu.

Walipomtangaza binti yetu mshindi, nililia. Nililia kwa furaha, niseme kweli. Nilijiambia kwamba mara hii zamu na haki zimekutana njia moja, na kwamba hata bila wazee angeshinda. Nikataka kulisikia hilo kutoka kwa mtu aliyekuwa na kalamu mkononi.

Mmoja wa waamuzi ni mwalimu wa kutoka Meru, ameletwa huku kufundisha tangu akiwa kijana na hajawahi kuhamishwa. Wazee humpenda kwa sababu hana ukoo hapa. Nilimkuta nje, amekaa juu ya kreti la soda, amevua kiatu kimoja.

"Mwalimu," nilimwambia, "tuache mambo ya wazee. Wewe mwenyewe, kwa macho yako, ungempa nani?"

Alinitazama kwa huruma. Tumejuana miaka mingi.

"Mama, nikuambie ukweli? Mimi siku hizi siangalii. Nilikuwa naangalia zamani, nikawa nalala vibaya. Naambiwa ni wa tano, naandika wa tano. Muda ule mwingine naangalia ile feni ya juu. Ile feni imelegea, iko siku itatuua."

"Hata buraanbur hukusikia?"

"Kisomali changu ni cha kununua nyanya," alisema. "Niliona watu wamesimama. Nikadhani ni wakati wa swala."

Nilimpa mkono, nikamshukuru kwa kazi, nikarudi ndani. Ile furaha ilikuwa imeshaniishia. Lakini niliamua angalau mtoto asirithi hilo. Ningemwambia waamuzi wameshangaa. Uongo mmoja mdogo, halafu nirudi dukani kwangu.

Chumba cha kubadilishia nguo ni stoo ya viti. Nilimkuta peke yake, taji liko kichwani limepinda kidogo, viatu amevitupa, anakula sambusa kwenye karatasi kama mtu aliyetoka shambani.

"Waamuzi wanasema hawajawahi kusikia buraanbur kama ile," nilimwambia. "Mwalimu mwenyewe amesema."

Alitafuna, akameza.

"Eeddo, usijisumbue," alisema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Zamu. Aabo alinipigia simu kutoka Balambala, akaniambia mwaka huu ni wetu, niingie. Ndiyo nikakuja kukuambia uniandikishe. Ningeingia mwaka wa wenyewe kufanya nini?"

Kaka yangu! Nilimfunga adeer mdomo, kaka nikamsahau. Nilivuta kiti kimoja kutoka kwenye rundo nikakaa.

"Na kila jioni ulikuwa unaniuliza kama utashinda?"

"Niliona unapenda nikuulize." Alijipangusa vidole kwenye karatasi. "Siku ya kwanza niliuliza tu, kukuchokoza. Ukabadilika uso, eeddo, ukawa kama msichana. Ukaanza kunitisha na yule wa Tarbaj. Hujawahi kuwa na furaha hivyo tangu nihamie kwako. Sasa ningekuambiaje?"

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira, kwa kawaida huwa sikosi, nikaikosa.

"Na wewe?" aliuliza. "Wakati wako, ulijua lini?"

"Baadaye. Nilikuwa nimeshaolewa."

"Baadaye?" Aliacha kula. "Yaani siku yenyewe hukujua? Ulisimama pale juu ukiamini?"

"Siku yenyewe, na miaka mitatu baada yake. Mpaka nikawa natoa ushauri."

Nilidhani atacheka. Ni mcheshi, na jambo lenyewe linachekesha. Aliweka karatasi ya sambusa sakafuni, akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Pole sana, eeddo," alisema.

Tangu nilipovishwa taji lile nimepewa hongera na kila mtu. Nimepewa harusini na sokoni, nimepewa na watu nisiowajua, hata hospitalini nikiwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, mkunga alinitambua akanipongeza. Pole sikuwahi kupewa. Nililia mbele ya mtoto, kwa sauti, bila aibu, naye akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye mafuta, huku nje wakigonga mlango na kumwita mrembo atoke apigwe picha.